Blanketi Kwenye Kamba Yetu

Juzi nilipita Kaloleni, nikasimama nyuma ya nyumba tuliyokulia. Kamba ya kuanikia nguo bado ipo, waya ule ule, umeshika kutu. Wewe ungepita tu. Mimi niliinamisha uso.

Nilikuwa na miaka tisa, katika ile miaka ya tisini, vibanda vya kule bondeni vilipobomolewa na familia sita zikahamia kanisani kwetu. Watu wa kanjo, wale maaskari wa baraza la jiji, wakasema ploti ile ni ya ibada, si ya kulala. Wakikuta dalili yoyote ya makao, wote watatoka. Basi akina mama wa kanisa wakagawana matandiko. Kila asubuhi mabenchi yalipangwa upya, nasi tukabeba mablanketi ya wageni tukayaanika kwetu, kama yetu. Nyanya alipewa la mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Lilikuwa la kijivu, limetiwa viraka vya gunia, na hata likifuliwa kwa sabuni ya mche lilinuka moshi. Nyanya aliniambia mara moja tu, huku akichagua maharagwe: "Ukiulizwa, sema ni letu."

Siku moja tulikuwa tukiruka bladaa, ule mchezo wa kuruka mpira, na wasichana wenzangu. Mmoja akaliona blanketi kambani, akaangua kicheko. "Aki nyinyi, mnalala na hiyo? Si hata punda ataikataa!" Wote wakacheka. Nami nilikuwa mtoto wa maringo, wacha nikwambie ukweli. Nilichomeka kwa aibu.

Papo hapo akapita bwana wa kanjo, faili kwapani. Akaitazama kamba, akauliza kwa upole tu lile blanketi ni la nani. Nikapaza sauti, wenzangu wasikie vizuri: "Si letu! Ni la wale wanaolala kanisani!"

Wageni walitolewa kabla ya saa kumi. Yule mama aliondoka na mtoto mgongoni, amemfunga kwa leso nyembamba, na Julai ya Nairobi unaijua. Blanketi lao lilikuwa bado halijakauka.

Nyanya hakunipiga. Heri angenipiga! Kila Jumamosi alilifua, akalianika, ili mwenyewe akija alikute safi. Hakuja. Leo kanisa lina geti la chuma, na nyanya tulishamzika. Lakini Jumamosi zile zote nilikaa chini ya kamba, jibu likiwa tayari mdomoni: ni letu, ni letu. Hakuna aliyeniuliza tena.