Mlango wa Jukwaani

Leo wamepaka rangi milango ya ghorofa yetu hapa Al Barsha, ughaibuni, na harufu yake imenirudisha kwenye jukwaa la shule. Tulikuwa tunaigiza kwa Kiingereza familia ya Kivietinamu iliyohamia shamba la mbali huko Marekani. Mimi nilikuwa bibi. Nilijifunga kanga ya mama, nywele nimezipaka unga wa ngano hadi nakohoa. Mama mwenyewe alitoka kazini kwa madam wake, akaja na sare yake ya kazi za ndani, akaketi nyuma kabisa.

Jirani Mmarekani alipogonga mlango wetu wa mbao, rangi yake bado mbichi, mchezo ulitutaka tunyamaze kwa hofu. Tukanyamaza. Akagonga tena.

"Karibu! Karibu ndani!" Mama aliitikia kule gizani, kwa sauti ya nyumbani kwetu, ambako mgeni hagongi mara mbili.

Ukumbi ukacheka. Mwalimu, pembeni ya pazia, akanipungia mkono nisiinuke. Nikainuka, mgongo nimeupinda kibibi, nikamfungulia jirani mlango.

"Umemsikia mwenye nyumba," nikamwambia kwa Kiswahili, nikimwelekezea mama kidole kule nyuma. "Ingia."