Aliagiza Transista Ndogo, Wakubwa Wakapata Redio

Saa moja asubuhi, jiwe la kwanza la kunolea misumeno linaanza kuzunguka katika kiwanda cha mbao nje ya Mbalizi. Asukile, fundi umeme, anaweka chini kikombe cha chai na kusikiliza. Mlio ukipanda kupita kawaida, anakimbilia swichi.

"Kwa sasa breki ya jiwe hili ni masikio yangu," anasema.

Haikupaswa kuwa hivyo. Mwaka jana, 1975, jiwe lilizidi mwendo likapasuka. Kipande kikamtoboa jicho mnoaji Yotamu. Ndipo Asukile alipobuni kidude cha kukata umeme mapema. Sahani yenye matundu huzunguka na jiwe mbele ya taa, na kila mmweko unageuza jozi ya transista, vipande vidogo vya kuwasha na kuzima umeme, jozi anayoiita bembea.

"Mmoja akipanda, mwenzake anashuka. Sasa bembea inayogeuka maelfu ya mara kwa sekunde, hupandishi watu wanene," anaeleza.

Transista kubwa huchelewa kuachia, tena huichosha ile inayoisukuma. Lakini ya mwisho, inayovuta swichi mimweko ikizidi kasi, lazima iwe kubwa. "Mbio mpe mwepesi, gunia mpe mwenye mgongo."

Kubwa zilikuwepo stoo. Akaandika aletewe ndogo kutoka Dar es Salaam. Miezi ikapita, sanduku likafika. Ndani mlikuwa na redio za mkono kumi na mbili.

Ndiyo, redio. Huku kwetu redio ya betri ndiyo watu huiita transista. Mnunuzi wa kiwanda alinunua alichokijua, wala hakuuliza.

"Fundi, si uliandika ndogo? Hizi zinaingia hata mfuko wa koti," mtunza stoo, Jailos, alimtania.

"Ndugu Jailos, mimi nataka zile zinazoingia ndani ya hizo."

Kosa la neno husameheka. Kilichofuata hakisameheki. Redio hazikurudishwa, wala hazikufunguliwa. Zilipanda ngazi hadi ofisini, zikakaa juu ya meza za wakubwa. Asukile alipoomba chache azitoe transista, alijibiwa kwamba mali ya umma haibomolewi. Na jicho la Yotamu, lilikuwa mali ya nani?

Yotamu sasa anafagia maranda. "Kila asubuhi nasikia redio zao madirishani," anasema. "Nasikia vizuri. Masikio wameniachia."

Nyumbani kwa Asukile ipo redio moja, iliyomgharimu zaidi ya mshahara wa mwezi. Mkewe, Rozalia, husikiliza kwaya humo kila Jumapili. Wiki hii alimkuta mumewe ameilaza kifudifudi, bisibisi mkononi.

"Baba Tusajigwe, na hii unawapelekea wakubwa?"

"Nalipelekea jiwe."

Rozalia alimsogezea taa. "Haya, toa. Ila kwaya utaimba wewe."

Transista alizopata zinatosha jiwe moja tu. Kiwanda kina mawe manne, na Asukile amekwishapanga la kufanya.

"Nikimaliza hili, nitamwomba Ndugu Meneja ashuke anoe msumeno mmoja kwenye jiwe la pili," anasema. "Akitoka hapo salama, nitamwomba redio yake."