Njugu za Jumamosi

Harufu ya njugu zikikaangwa hunivuruga akili hadi leo. Katikati ya juma, nyumba yetu kwenye kota za reli pale Voi ilinukia njugu tangu asubuhi, Mama akizigeuza na chumvi kwenye sufuria yake nyeusi. Jumamosi zilifichwa ndani ya kopo, juu rafuni. Baba alipuliza saksafoni katika bendi ya jazi, na alisema chembe moja tu ikitoka mdomoni ikaingia ndani ya saksafoni, shughuli yote imeharibika. Basi ili tusimtamanishe, hakuna aliyezionja hadi Jumapili.

Nilipokuwa darasa la tatu, hoteli waliyoipigia muziki ilinunua mashine ya disko. Bendi ya watu kumi na mmoja ikabaki na wanne. Wengine walirudi kwao kijijini Mghange kulima. Mimi sikuelewa kitu. Kila Jumamosi Baba bado alipiga viatu rangi, akajaribu sauti mbili tatu nyuma ya nyumba, na saa kumi pikapu ya Anko Mwakio, kiongozi wao, ikaja kumchukua.

Jumamosi moja Baba aliteremsha lile kopo mwenyewe, akakaa mlangoni akala njugu, konzi baada ya konzi. Nilifurahi, nikakinga mikono nami nipewe. Mama alisimama na mwiko mkononi.

"Baba Akinyi, leo ni Jumamosi."

Baba alitafuna tu. Pikapu ilipopiga honi, akanituma: "Mwambie Anko nimekula njugu."

Nilikwenda nikicheka, nikidhani Anko naye atacheka. Alizima injini, akainamia usukani kwa muda, kisha akaondoka bila kuniaga. Nilirudi nikamkuta Mama analia jikoni. Nilichanganyikiwa kabisa. Si angesukutua mdomo tu? Nilimuuliza Mama hivyo, akaniambia nikacheze nje. Saksafoni haikushuka tena kutoka juu ya kabati.

Siku hizi binti yangu anatengeneza muziki mzima kwa simu, bila kupuliza chochote. Baba ninaishi naye. Meno yamekwisha, na kumbukumbu nazo zinamtoka. Juzi nilimtwangia njugu, nikazikoroga kwenye uji. Alinusa, akasukuma kikombe, akapangusa midomo kwa kiganja.

"Leo ni Jumamosi, mama," aliniambia kwa upole, kisha akauliza kama Mwakio amefika.

Mwakio tulimzika zamani. Nikauondoa uji, nikaenda kumpigia viatu rangi.