Makala ya Visima Iliyonifungia Nje

Chekeni tu, nimeshazoea, maana tangu siku ile hata wauza viazi karai wa mtaani kwetu Kisauni huniita Daktari Kufuli, na wallahi siwalaumu, aibu ile niliitafuta mwenyewe.

Chanzo ni maji ya visima. Nilizunguka mtaa mzima nikichukua maji ya kupima, nikaingia nyua za watu, wakanitekea kwa ndoo zao na mahamri wakanikirimu juu yake, kisha nikaandika makala. Kazungu, niliyesoma naye chuo, akanishauri niipeleke kwenye jarida la wazi, ambalo mtu yeyote mwenye simu atalisoma. Nikamcheka. Kitu cha bure kina hadhi gani? Nikachagua jarida kubwa la ng'ambo, lenye jina refu la kutisha (na lenye sharti kwamba matokeo nisiyatangaze popote mpaka wayachapishe wao), nikafunga mdomo wangu, nikangoja, mwaka ukapita.

Makala ilipotoka, mama akafanya shukrani: mikeka uani, halua, kahawa, majirani wote. Mimi nikaja na kanzu iliyonyooka kwa pasi, projekta ya kuazima na chupa yangu ya maji ya dukani.

"Muoneni mtoto wa Kisauni alivyokuwa mgeni," mama akanitania, "hata kahawa yetu haitaki!"

Watu wakacheka, nami nikacheka kuwashinda.

Nikaifungua makala ukutani. Likatokea jina langu (vigelegele!), mistari michache, kisha picha ya kufuli na bei kwa dola. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule, nikafuta jasho, nikausingizia mtandao.

"Kwani si yako hiyo?" akauliza Bi Saumu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

"Ni yangu, ila haki zake nimewatilia saini wenye jarida."

"Masikini, mtoto kanyang'anywa!"

Akaivua leso yake ya juu, akaitandika mkekani, na papo hapo mchango ukaanza kama wa msibani, watu wale wale walionipa maji yao bure sasa wanachanga ninunuliwe makala yangu mwenyewe ya maji yao. Mama akainamisha kichwa. Nami nilitamani ardhi inimeze na projekta yangu.

Ndipo akasema Bi Mwanakombo, ambaye kisima chake hunywesha nusu ya mtaa, na ambaye wajukuu zake hawaishi kuharisha.

"Mwanangu, achana na hilo la ukutani. Wewe si wajua? Nambia kwa mdomo, kisima changu chanyweka?"

"Hakinyweki, bibi. Kimeingiwa na uchafu wa vyoo."

"Na umejua lini?"

"Mwaka jana," nikasema, na mpaka leo sijui kwa nini sikudanganya.

Hakuna aliyenipigia kelele, afadhali wangenipigia. Waliviweka vikombe mkekani, kimoja baada ya kingine, kisha wakageuka, mama akiwa wa kwanza, wakaitazama ile chupa yangu.

Tangu hapo nimeapa, matokeo yangu huyasema uani kwanza, kwa mdomo, majarida yatayakuta huko, na Kazungu ananicheka mpaka leo. Kisima cha Bi Mwanakombo kimefunikwa. Nami kahawa nainywa sasa, naiomba hasa, lakini kila tukiwa na wageni mama hunipita na birika, akaniwekea mbele yangu chupa ya dukani.