Siku Mama Mkwe Aliponisalimia Sokoni

Mwanangu, mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nilianza maisha na jembe moja na suruali moja, darasa la tatu nikaliacha katikati, na kabla sijafika miaka thelathini lori la tani saba lilikuwa linalala mbele ya nyumba yangu Mlandege, Iringa mjini. Nimekuta simba kakaa katikati ya barabara ya Idodi kama trafiki. Nimeteremka mlima Kitonga breki zimekufa, nikafika chini nikaagiza chai. Watu wenye vyeti vyao walikuja kukopa kwangu. Kwa hiyo nikikwambia ipo siku moja nilishangaa, ujue si jambo dogo. Naikumbuka siku hiyo kama ya jana: Jumamosi, sokoni, saa nne asubuhi, na aliyenishangaza ni mama mkwe wangu.

Alinisalimia. Basi, hilo tu. Lakini wewe umekulia mjini, ngoja nianzie mbali kidogo.

Kwetu Wahehe, miaka ile ya sabini, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Akiniona njiani anaingia kwenye mahindi. Nikifika kwake Idodi, yeye yuko jikoni, mimi niko sebuleni, na mke wangu Yustina anabeba maneno huku na huku. Miaka sita nilimjua mama yule kwa kikohozi chake na kwa ugali wake. Ndiyo heshima yenyewe, wala siidharau mpaka leo.

Biashara yangu ilikuwa madebe. Mashamba ya tumbaku yalitumia dawa ya wadudu kwa wingi. Ilikuja kwenye madebe ya bati na mapipa ya chuma, na ikiisha vyombo vinatupwa. Wenzangu walivipita. Mimi niliona fedha. Nilivinunua kwa senti, nikavisugua kwa mchanga na maji, nikavipanga sokoni. Upande ule wote walichota maji kwa madebe yangu na kupika komoni, pombe ya mahindi, kwenye mapipa yangu. Akina mama waliniita Tajiri wa Makopo, nami nikacheka, maana tajiri ni tajiri. Hata zawadi yangu ya kwanza kwa mama mkwe, wakati wakwe wengine wanapeleka vyungu, ilikuwa madebe manne na pipa moja, yanang'aa. Kijiji kizima kilikuja kuyatazama. Siku hiyo nilitembea kama mkuu wa mkoa.

Sasa, mwaka mmoja Yustina akaanza safari za Idodi zisizoisha. Nikimuuliza, mama ana homa. Wiki ijayo, homa. Mwezi ujao, homa. Ikapita miezi minane. Mwisho akaja akasimama mlangoni.

"Baba Tito, mama anakufa."

"Kwa homa?"

"Si homa. Ni titi. Lina uvimbe." Akajifunika uso kwa khanga, kwa aibu ya kulitamka mbele yangu.

Fikiria hapo, mwanangu. Gari langu lilipita hatua mia kutoka mlangoni kwake kila Jumatano, likienda kuchukua madebe, tena likiwa tupu. Yeye amekaa na uvimbe miezi minane kwa sababu mwenye gari ni mkwe, na titi la mama mkwe halitajwi mbele ya mkwe. Sote tulikuwa na adabu, na adabu ile ilikuwa inamzika.

Siku ileile nikawasha gari. Tulimpeleka Mbeya kwenye hospitali kubwa. Yustina alikaa naye nyuma juu ya magunia, na mimi kioo cha pembeni nilikigeuza kitazame angani, nisije nikamwona. Walimkata titi lote. Siku ya kutoka nilisimama nje ya mlango, sikio likiwa ndani, nikamsikia akimwuliza daktari.

"Baba, miaka sita nachota maji kwa madebe ya dawa ya tumbaku. Mwanzoni maji yalinuka. Kuku wangu wawili walikunywa masalia wakafa. Ni hayo yamenipa kansa?"

Daktari akasema: "Mama, kusema kweli sijui. Ugonjwa huu unawapata hata wasiowahi kuliona debe la dawa. Siwezi kusema debe limekupa, wala siwezi kukuapia kwamba halikukupa. Ila dawa ile imetengenezwa kuua, si ya kunywa. Na ungekuja mapema, nisingekata pakubwa hivi."

Unajua mimi nilisikia nini pale mlangoni? Nilisikia neno moja tu: sijui. Nikatoka kifua mbele. Daktari mzima, kasoma mpaka ng'ambo, kasema hajui! Nikarudi Iringa nikauza madebe miezi minne mingine. Hilo ndilo kosa langu, silifichi. Mambo mengine ya ujana nayatia chumvi, hili nalisema lilivyo.

Mama mkwe akapona. Na alipopona hakukaa jikoni. Ikawa akina mama wakikutana kisimani au kwenye kilabu cha pombe, anafungua blauzi, anawaonyesha kovu, anawafundisha kujipapasa wenyewe, huku na huku, mpaka kwapani. Aliwaambia mambo mawili. Ukikuta kitu kigumu usimfiche mtu, nenda hospitali. Na debe lililobeba sumu lisibebe maji. Mwezi wa pili Idodi nzima hainunui debe. Nikamtuma Yustina: "Mwambie mama daktari kasema hajui." Jibu likarudi: "Mwambie mkwe nitamjibu mwenyewe." Nikacheka. Atanijibuje, na hata kuniona hawezi?

Jumamosi ile nimepanga mali yangu na Yustina, madebe hivi, mapipa hivi. Lori langu likaingia na dereva kutoka Idodi, wakateremka wanawake kama thelathini. Nauli wamenilipa wenyewe! Mbele yao mama mfupi, mweusi, hana khanga usoni. Nilimtambua kwa kikohozi.

"Kamwene, mkwe."

Muuza nyanya alishika nyanya hewani, hakuiweka kwenye mizani. Nikaangalia viatu vyangu.

"Kamwene, mama."

"Inua uso. Daktari alisema hajui, sivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Nilikuwepo. Na wewe unajua?"

"Sijui."

"Mimi nami sijui. Sote watatu hatujui. Sasa wakati mnatafuta kujua, kwa nini wajukuu zangu ndio waendelee kunywea? Debe haliwezi kusubiri?"

"Anywe yeye!" mama mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Tajiri wa Makopo, kunywa tukuone!"

Wakaangua kicheko. Mama mkwe hakucheka. Aliokota debe moja, akaenda kwenye bomba la soko, akachota, akaja akanikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa.

"Kunywa, mkwe. Ukinywa narudi jikoni kwangu, hutanisikia tena."

Debe lile nimelisugua kwa mikono yangu. Nikaliinua mpaka mdomoni. Harufu ikanipanda puani, ile niliyoizoea mpaka nikasahau kuwa ni harufu, na nikaliona debe la zawadi pale jikoni kwake, limejaa, miaka sita. Mimi niliyemkabili simba, mwanangu, sikuweza kumeza funda moja.

Nikaliweka chini. "Yustina, niletee nyundo na msumari."

Nikalitoboa debe lile mbele ya soko zima. Vigelegele! Sijasikia vigelegele vile hata kwenye harusi yangu. Wanawake wakaninyang'anya nyundo, wengine wakaokota mawe, na kufika saa sita hakuna chombo changu ambacho kingeshika maji. Nami nilitoboa zaidi yao wote, maana nikianza kazi mimi huwa naimaliza. Nilipogeuka kumtafuta mama mkwe, alikwisha kujitanda khanga yake usoni, amenigeuzia mgongo. Amerudi kuwa mama mkwe wangu.

Wazee wa ukoo walimtoza mbuzi kwa kuvunja mwiko. Nikasema mbuzi huyo ni wangu, nikatoa beberu mkubwa kuliko waliyemtaka. Nikahamia kwenye madebe ya mafuta ya kula, na nikatajirika kuliko mwanzo, uliza mtu yeyote Mlandege. Na kila Jumatano kiti cha mbele cha lori kikawa cha mwanamke anayekwenda hospitali, bure, bila kuulizwa anaumwa wapi. Wa kwanza alikuwa mdogo wake Yustina. Alijipapasa akakuta kitu kama punje ya hindi, akakatwa mapema, titi likabaki, na baadaye amenyonyesha watoto wawili. Mama mkwe mwenyewe, na uzee wote ule, bado analima. Juzi kanitumia gunia la mahindi, kupitia Yustina. Hatujasalimiana tena tangu siku ile.

Basi sikia, mwanangu. Mwenye elimu akikwambia hajui, usikimbilie kushangilia. Muulize ni nani anayekunywa wakati yeye anatafuta. Na kwa kuwa wewe ni binti, mwili wako ujue kwa mikono yako, na ukikuta kitu, sema siku hiyohiyo, hata kama mwenye gari ni mkwe wako. Heshimu mila, lakini uijue siku ya kuinua uso. Mungu akupe masikio mepesi, akupe mama mkwe jasiri kama wangu, akuweke mpaka uwe na meno machache na wajukuu wengi.

Na kwa kuwa najua utaniuliza: madebe sitini na mawili, mapipa tisa, beberu mmoja, nyundo na misumari. Siku ile ilinigharimu shilingi mia sita na nne na senti hamsini.