Mlingoti Uani kwa Jirani

Mimi si mtu wa huku. Nilizaliwa Bukoba, nikapangiwa kufundisha fizikia kwenye shule ya sekondari ya kijiji kimoja cha kata ya Chinongwe, wilayani Ruangwa, na barua ya kupangiwa ilipofika nililia mbele ya mama yangu bila aibu. Sasa nimekaa miaka ya kutosha kujua ni lini mikorosho inapuliziwa salfa na ni siku gani nisianike nguo nje. Hasira zangu ni zilezile nilizokuja nazo, na kubwa kuliko zote ilikuwa mtandao.

Simu ya kuongea tu ilikuwepo, ukisimama juu ya kichuguu nyuma ya jiko la shule. Picha, hapana. Kama kuna fomu ya kujaza, unapanda pikipiki kwenda mjini. Ndipo shule na kamati ya kijiji tukakubaliana kuvuta intaneti kwa njia ya redio: kisahani kimoja cheupe juu ya ghorofa la mfanyabiashara Ruangwa mjini, cha pili juu ya mlingoti wetu, vitazamane na kurushiana mtandao hewani, kisha sisi tuugawe kwa zahanati, ofisi ya kijiji na yeyote atakayekaa barazani na simu yake. Fundi alitoka Nachingwea, mtu mwembamba aliyeanza kazi kwa kutengeneza redio za kaseti. Kila tulichomwuliza alijibu neno lilelile.

"Vionane, Madamu. Vikionana, kazi imekwisha."

Alisimamisha mlingoti mwezi wa nane, kiangazi kimekolea. Siku ileile vikaonana.

Nyuma ya uzio wa shule, ng'ambo ya msufi mkubwa, anaishi mama mmoja asiyesikia wala kusema tangu utotoni. Watu humwita bubu hata akiwa mbele yao, ati si hasikii, na neno hilo hunipandisha mori mpaka leo. Hakupelekwa shule, kwa hiyo ujumbe wa maandishi haumfai kitu. Anaongea kwa mikono, lugha waliyoitunga yeye na binti yake wa pekee. Kaka wa mama huyo anaijua nusunusu. Binti huyo nilimfundisha mimi. Akasomea ualimu, akapangiwa Katavi, mbali kama mimi nilivyopangiwa huku, na akaolewa hukohuko.

Siku moja binti alinipigia nikiwa pale kichuguuni.

"Mwalimu, mama haamini kama mimi mzima."

"Si mjomba wako anamwambia?"

"Ndiyo maana haamini."

Akanisimulia. Baba yake alilazwa Nachingwea, akafariki asubuhi. Mjomba alipopigiwa simu, akaamua dada yake asiambiwe mpaka mwili ufike nyumbani. Watu wengi hufanya hivyo, hata kwetu Bukoba, huitwa huruma. Kila mama alipouliza kwa mikono, mjomba alimwinulia dole gumba: anaendelea vizuri. Ua mzima ulijua, hadi watoto. Yeye alikuwa jikoni anamkorogea mumewe uji wa kupelekewa hospitali. Mwiko ulikuwa bado mkononi gari lenye mwili liliposimama mlangoni.

Tangu siku hiyo hakuamini dole gumba la mtu. Kaka yake alikuwa akisikiliza simu ya binti sikioni, akiinua kidole chake, na mama akimpa mgongo. Alitaka kumwona mwanawe kwa macho yake.

Jumapili ya kwanza baada ya mtandao kuja, nilimwita kwenye baraza ya shule nikamshikisha simu yangu. Binti alipotokea, mama alifinya ndewe ya sikio lake, ishara yao ya jina la binti, kwa sababu ya hereni alizokuwa akivaa utotoni. Kisha akaweka kiganja kifuani, akakipandisha na kukishusha: unapumua? Binti naye akaweka kiganja chake kifuani. Wakaendelea hivyo kwa muda mrefu, kila mmoja akipumua mbele ya mwenzake. Nikajifanya nina madaftari ya kusahihisha.

Kila Jumapili saa kumi alikuja, kanga safi, nywele zimesukwa. Alimgeuza binti ubavu kwa ubavu aone kama amekonda. Alipogundua kwamba binti ni mjamzito, kabla binti hajasema, alinipiga bega kwa furaha hadi likauma.

Mvua za kwanza zikaja, na picha ikaanza kukwama. Jumapili moja uso wa binti uliganda macho yakiwa yamefumba, kisha kioo kikawa cheusi. Mama alikitazama. Akanigeukia, akaweka kiganja kifuani, akakipandisha, akakishusha, akakiacha pale bila kukiinua tena.

Nami niliinua dole gumba.

Mkono ulikwenda wenyewe, naapa. Mtu mzima, ninayejua kisa chote, nikainua kidole kilekile. Aliniwekea simu mapajani taratibu, akaenda zake, na Jumapili iliyofuata hakuja. Nilimtuma binti apige simu ya kawaida, kaka mtu apokee. Ilikuwa kazi bure.

Fundi alirudi kutoka Nachingwea, akasimama chini ya mlingoti, akatazama juu, akacheka kwa uchungu. Mwezi wa nane msufi hauna jani hata moja. Alikuwa amepima njia kupitia matawi matupu. Sasa mti ulikuwa umevaa majani tele na kisahani chetu hakioni chochote. Mimi, mwalimu wa fizikia, nilisimama chini ya mti huohuo siku ya kufunga kisahani na sikuwaza hilo.

"Matawi yakatwe," alisema.

Hapo nikajiona mjanja. Kwetu ningemwendea baba mwenye nyumba, lakini huku nimeshajifunza kwamba mwenye sauti ni mjomba. Nikaenda kwa kaka yake yule mama. Akasema kateni, mti wa ukoo huo. Jumamosi vijana wawili wakapanda na mapanga.

Tawi la kwanza halijafika chini, mama akatoka mbio na kukumbatia shina. Msufi ulikuwa wake. Sufi yake ndiyo anayojazia mito anayoshona, na mto wa kwanza wa kila msimu humpelekea binti. Tulikuwa tumemwuliza kila mtu isipokuwa yeye. Fikiria anavyotuona: mwanangu wamenificha, sasa na mti wangu. Niliona haya, nikawaambia vijana washuke.

Niliingia jikoni kwake bila kupiga hodi, nikachukua visahani viwili vya chai. Kimoja nikamwonyesha kuelekea Ruangwa, kingine kuelekea mlingoti wetu. Nikavitazamanisha, nikafinya ndewe ya sikio langu. Kisha nikaokota tawi lenye majani, nikaliweka katikati ya visahani, nikafunika macho yangu kwa kiganja.

Alitazama tawi. Akatazama mti, mlingoti, upande wa Ruangwa. Nilidhani hajaelewa, nikaanza upya, naye akaninyang'anya kisahani kimoja. Akauzunguka msufi, akavuka mpaka uani kwake ambako hakuna kitu mbele ila mihogo na anga, akakiinua kisahani juu ya kichwa chake, kikielekea Ruangwa.

Vijana waliweka mapanga chini. Fundi akavua kofia.

"Madamu, huyu ametushinda wote," alisema. "Tuhamishe mlingoti."

Tukachimba mtaro wa waya wa umeme na mtandao kutoka kwenye swichi ya ofisini kwangu, chini ya uzio, kandokando ya msufi, hadi uani kwake. Barazani kwake fundi alifunga kisanduku cha kugawa mtandao chenye taa ya kijani. Binti alishamtumia simu kwa basi. Jioni ile mama alimwona mwanawe, tumbo limekua, na hakuna aliyehitaji kumwinulia kidole. Baadaye akaja kwangu na mto wa sufi, akanisukumia mikononi kama vile ananigombeza.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili, nikiwa kati ya vipindi, kaka yake alikuja ofisini. Hakukaa.

"Mwalimu, mimba imeharibika. Mkwe kapiga usiku wa kuamkia leo. Mtoto alishafika miezi saba."

Nilimpa pole, na nilimaanisha.

"Sasa nakuomba, kizime hicho kidude siku mbili tatu," alisema, akionyesha swichi ukutani. "Huyu dada yangu moyo wake mdogo. Tutamwandaa polepole."

Nisijifanye shujaa. Niliinuka nikaenda hadi kwenye swichi, kidole kikawa juu yake. Mzee yule hakuwa mbaya; macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa amelia njiani. Mimi mwenyewe nilitamani mtu mwingine abebe habari ile, siku nyingine, kwa njia nyingine. Kisha nikaikumbuka Jumapili ya kioo cheusi na kiganja kilichobaki kifuani.

"Sizimi, Mzee. Na nikizima, ataona taa imekufa na atajua vibaya zaidi."

"Basi ukimwua, ni wewe."

"Sizimi."

Aliondoka bila kuaga. Niliacha darasa la kipindi cha pili lijisomee lenyewe, nikaenda kukaa na jirani yangu barazani. Sikusema kitu kwa mikono wala kwa uso. Binti alipiga kabla ya saa nne, kalala kitandani, mumewe kamshikia simu. Akamweleza mama yake yeye mwenyewe, kwa mikono.

Mama alilia kwa ile sauti yake asiyoisikia, na mimi nililia naye. Kisha akakoroga uji, akausogeza mbele ya kioo cha simu, yaani na wewe kunywa huko, mpaka binti akaletewa kikombe. Akafunga kanga mbili na mto mpya kwenye mfuko. Akanionyesha barabara. Nikaelewa kwamba anakwenda Katavi, na kwamba kwanza kuna mahali pa kupitia.

Kaka yake alikuwa mkekani anamenya mihogo. Mama akasimama mbele yake, akafinya ndewe ya sikio. Akashika tumbo. Akakunja mikono akipakata mtoto, kisha akaifungua, mitupu. Alimweleza taratibu bila kuruka kitu, anavyoelezwa mtu ambaye hajui. Kidole gumba cha mzee kilikuwa kimeshaanza kuinuka, nilikiona. Akakifumbata ndani ya ngumi, akainamisha kichwa, akaipokea habari kutoka kwa dada yake.