Jina Alilolifuta Lorna

Jirani yetu Deb ndiye aliyeniambia, tukikwangua theluji kwenye vioo vya magari: Lorna wa nyumba ya tatu amemnyima kijana mmoja rekodi ya dunia kwa sababu rekodi iliyopo ni yake yeye Lorna.

"Mwanamke mzima, dereva wa basi la shule, anamwonea wivu mtoto wa watu. Tena kwa mchezo wa kompyuta," alisema. "Huko mtandaoni wanamtukana mpaka basi."

Lorna ndiye aliyekuwa akinishikia mwanangu Junie nipate kuoga, miezi ile ya kwanza baada ya kujifungua, na mikono ile haikuwa ya mtu mwenye wivu.

Mchana nikaenda kwake na mtoto. Akishashusha wanafunzi asubuhi huwa huru mpaka saa nane, na saa hizo huzimaliza akiangalia video. Kuna tovuti inayoorodhesha watu wanaomaliza michezo haraka kuliko wengine. Lorna ni mmoja wa wasimamizi wawili wa mchezo wa kindi anayepanda kinu cha upepo. Ukiumaliza mchezo kwa kasi, unatuma video nzima, isiyokatwa popote, tangu kitufe cha kwanza mpaka taa ya juu ya kinu iwake mwishoni. Msimamizi anaiangalia yote ndipo aandike jina lako.

Nilimkuta anakula mkate wa jibini, simu iko mezani, na sauti ya Vaughn, msimamizi mwenzake wa Oregon, inatoka humo.

"Ikubali tu, Lorna. Kijana ana wafuasi elfu arobaini. Wanataka kuihama tovuti."

"Wahame."

"Wanasema unalinda rekodi yako."

"Nimesikia."

"Na mimi niliiangalia, sikuona kosa."

"Uliiangalia umezima sauti, Vaughn. Siku zote unazima sauti."

"Ule muziki unachosha."

"Na yeye anajua unachosha. Kwenye mlango wa ghorofa ya saba skrini inakuwa nyeusi, macho hayaoni kitu. Amekata hapo, akaunga na video ya siku nyingine. Ila muziki umeruka."

"Wenye tovuti wamesema uikubali kabla ya jioni, la sivyo wanakutoa."

"Waje wanitoe. Jina lile siliandiki." Akakata simu, akamalizia mkate wake taratibu kama mtu asiye na deni na yeyote.

Kompyuta ilikuwa imenielekea. Miaka sita jina lake lilikuwa juu kabisa ya orodha ile. Hata mimi nisiyecheza nilikuwa nimezoea kuliona hapo. Sasa juu alikuwa mtu wa Quebec, yule aliyekuwa wa pili.

"Dada Lorna, jina lako liko wapi?"

"Nimelifuta asubuhi." Alipangusa makombo mezani kwa kiganja. "Dakika kumi na nane na sekunde nne. Nilijaribu mara elfu mbili na kitu kuipata, na haina kasoro. Lakini kila nikiwaonyesha ule mlango, wao wananiangalia mimi. Sasa waniambie nina wivu wa nini."

Macho yalikuwa mekundu, kidevu kimeinuka. Nilitaka kumpa pole, nikaona hataitaka.

"Nina shida na wewe, mdogo wangu," alisema. "Muziki huu nimeusikia miaka tisa. Labda masikio yangu yanasikia ninachotaka yasikie. Wewe hujawahi kuucheza. Nipe mtoto, vaa hizi hedifoni, geukia ukutani usione skrini. Ukisikia muziki umejikwaa mahali, nyanyua mkono. Usiposikia kitu, usininyanyulie kwa huruma. Nitaliandika jina la yule kijana mimi mwenyewe, leo hii."